Anayekimbia Pembeni Yako: Nidhamu na Riadha katika Historia ya Shule na Vyuo vya Burundi

Kila Jumamosi alfajiri kundi letu la wanafunzi hukutana Musaga, kusini mwa Bujumbura, kando ya barabara ya taifa namba 7, ile inayopanda milima kuelekea Ijenda. Siku nyingine huwa kumi na watano, siku nyingine ishirini. Tunajipanga wawili wawili, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, na safari inaanza.

Mwaka jana, asubuhi moja ya ukungu, mwenzetu wa mwaka wa kwanza alianza kubaki nyuma kwenye mwinuko. Nilikuwa mbele yake kwa hatua mbili tu. Nilisikia pumzi zake zikikatika, kisha nikasikia sauti yake ikitoka katika wimbo. Sikugeuka. Tulikuwa tumeambiwa tusivunje safu, na mimi nilijivunia kuwa mtu asiyevunja safu. Tulipofika juu tukahesabiana, mmoja hakuwepo. Tulimkuta chini ameketi kando ya barabara, karibu na mama muuza nyanya aliyekuwa amemfunika kitenge chake na kumpa maji. Yule mama alitutazama sote, tukihema na jasho likitutoka, akauliza, "Kumbe huyu ni wenu?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike insha hii. Kwa kawaida tukiombwa kuandika kuhusu thamani ya nidhamu na michezo katika maisha ya chuo, tunajua la kusema. Tunasema michezo hujenga afya, huchangamsha akili, hufundisha kutunza muda na kuheshimu kanuni. Yote hayo ni kweli na siyapingi. Lakini historia ya nchi yetu inatudai jibu refu zaidi, kwa sababu katika shule na vyuo vya Burundi nidhamu haikukosekana. Kengele zililia kwa wakati, safu zilinyooka, timu zilikuwepo. Pamoja na hayo, wanafunzi waliwahi kuuana. Hoja yangu ni kwamba nidhamu na riadha ni nguvu tu, na nguvu haina dini wala kabila. Thamani yake inategemea kama anayekimbia anamjua, na anamwajibikia, yule anayekimbia pembeni yake.

Nianze na maneno yenyewe, kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa lugha. Neno nidhamu limetoka katika Kiarabu, na lina mzizi mmoja na nadhamu, yaani utungo wa kishairi. Mzizi huo unabeba maana ya kupanga kwa utaratibu, kama mtu anavyopanga shanga katika uzi. Kiswahili kimeihifadhi picha hiyo kwa namna yake, maana sisi hutunga shairi na hutunga shanga kwa kitenzi kilekile. Katika Kirundi neno lililo karibu zaidi ni indero, linalotokana na kulea. Tofauti ya maneno haya mawili si ndogo. Shanga hukaa mahali pake kwa sababu ya uzi, haina habari na shanga ya pili. Mtoto aliyelelewa hukaa mahali pake kwa sababu anawajua watu wa nyumba yake. Nidhamu ya uzi na nidhamu ya malezi zinaweza kufanana kwa nje, hasa pale watu wanapokimbia kwa safu. Hutofautiana uzi unapokatika, au unaposhikwa na mkono mwingine.

Shule za kisasa zilipoanzishwa katika eneo letu, zilianza na nidhamu ya uzi. Chini ya utawala wa Wabelgiji, shule iliyojulikana kuliko zote ilikuwa Groupe Scolaire ya Astrida, mji ambao leo unaitwa Huye, nchini Rwanda. Iliendeshwa na watawa wa shirika la Ndugu wa Upendo tangu miaka ya mwisho ya 1920 na mwanzo wa 1930, na kazi yake kubwa ilikuwa kuandaa wasaidizi wa utawala kwa Rwanda na Burundi. Mwana wa mfalme Louis Rwagasore, aliyeongoza harakati za uhuru wetu, alisoma huko. Mwaka 1934 Waprotestanti wa madhehebu ya Marafiki kutoka Marekani, wanaoitwa pia Quaker, walianzisha misheni yao ya kwanza nchini Burundi huko Kibimba, katika eneo la Gitega. Jina la Kibimba nitalirudia.

Shule za aina hii zilitaka kijana anayefika kwa wakati, anayeandika vizuri na anayetii. Jirani zetu Watanzania walirithi mfumo unaofanana na huo, wakaubadilisha kwa njia yao. Mchakamchaka, zile mbio za asubuhi za kuimba na kukanyaga kwa mdundo mmoja, ni jambo ambalo karibu kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania analikumbuka, na neno lenyewe limevuka mpaka likatufikia na sisi. Lakini hata Tanzania swali la nani anamtia nidhamu nani liliwahi kupasuka hadharani. Mnamo Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga mpango wa kuwalazimisha wasomi kuingia Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwafukuza, mamia kwa mamia, wakarudishwa makwao. Wakati huohuo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe. Mtu anaweza kumlaumu au kumsifu, lakini somo moja halikwepeki: aliyewadai vijana kujinyima alianza kwa kujinyima yeye. Nidhamu inayodaiwa na asiyeifuata haidumu.

Burundi tulipata somo chungu zaidi. Mwaka 1972, tarehe 29 Aprili, uasi ulianza na Watutsi wengi wakauawa, hasa kusini mwa nchi. Jibu la serikali ya wakati huo lilikuwa kuwasaka Wahutu, na kwa namna ya pekee Wahutu waliosoma. Wanafunzi walichukuliwa madarasani na mabwenini, kutoka shule za sekondari hadi chuo kikuu cha Bujumbura, na wengi hawakurudi tena. Majina yalisomwa kutoka kwenye orodha.

Ninapofikiria mwaka ule, ninachokiona ni orodha hizo. Shule yenye nidhamu ni shule ambayo kila jina limeandikwa, kila kitanda kina mwenyewe, na mwanafunzi akiitwa huitika na kusimama. Utaratibu ule uliotengenezwa ili mtoto asipotee ulirahisisha kazi ya waliotaka apotezwe. Sidai kwamba shule ndizo zilizoua. Nasema kwamba utaratibu peke yake haukuwa na uwezo wa kukataa. Orodha haiulizi inasomwa na nani.

Miongoni mwa waliouawa mwaka ule alikuwa Eustache Ngabisha, aliyewahi kuwa mbunge. Mwanawe, Pierre Nkurunziza, alikuwa bado mtoto mdogo. Mtoto huyo alikua akapenda michezo, akasomea elimu ya michezo katika Chuo Kikuu cha Burundi na kuhitimu mwaka 1990. Alifundisha shule ya sekondari Muramvya, kisha akawa mhadhiri msaidizi wa chuo kikuu, na alifundisha pia katika ISCAM, chuo kinachoandaa maofisa wa jeshi. Wakazi wa Musaga hawahitaji kuelezwa ISCAM iko wapi. Rais wetu wa miaka kumi na mitano alianza kama mwalimu wa michezo, na sehemu ya kazi hiyo aliifanya hapahapa tunapokimbia sisi.

Ukitafuta mtu ambaye maisha yake yanaonyesha mahali nidhamu, riadha na chuo vinapokutana katika historia ya Burundi, hutapata mfano ulio wazi kuliko huo. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Juni 1995, wanafunzi Wahutu waliuawa katika kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, na miongoni mwa waliowaua walikuwamo wanafunzi wenzao. Nkurunziza alisimulia baadaye kwamba yeye naye alikusudiwa kuuawa, gari lake likapigwa risasi, akatoka ndani yake na kukimbia. Baada ya hapo aliingia msituni na kujiunga na waasi wa CNDD-FDD. Miaka kumi baadaye, Agosti 2005, aliapishwa kuwa rais.

Tuisimamie kidogo habari ya Mutanga. Vijana wale walikuwa wamekaa madarasa mamoja, wamekula katika ukumbi mmoja, na bila shaka wamecheza katika uwanja mmoja. Wakati huo mitaa ya Bujumbura ilikuwa imegawanyika. Makundi ya vijana yaliyoitwa Sans Échec na Sans Défaite, yaani wasioanguka na wasioshindwa, yalitisha watu mjini. Majina hayo ukiyasikia bila kujua historia, ungedhani ni ya timu za mpira. Hilo si jambo la kuchekesha. Makundi yale nayo yalijua kukusanyika kwa wakati, kufuata kiongozi na kutomwacha mwenzao. Kwa maneno mengine, yalikuwa na zile sifa ambazo sisi huziandika katika insha zetu kama faida za michezo. Kilichokosekana ni kumtambua kama mwenzao yule wa upande wa pili.

Sasa nirudi Kibimba, kwenye misheni ile ya mwaka 1934. Mwaka 1993 shule ya sekondari ya Kibimba ilikuwa na mwanafunzi aliyeitwa Gilbert Tuhabonye, mkimbiaji hodari aliyekwisha kutamba katika mashindano ya taifa. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo, Rais Melchior Ndadaye, aliyechaguliwa na wananchi miezi michache kabla, aliuawa na wanajeshi walioasi. Siku hiyohiyo wanafunzi Watutsi wa Kibimba pamoja na baadhi ya walimu walikusanywa, wakapelekwa katika jengo lililokuwa karibu, wakapigwa na kuchomwa moto. Tuhabonye anasimulia katika kitabu chake, kilichotoka Marekani mwaka 2006, kwamba alilala kwa saa nyingi chini ya miili ya wenzake, kisha akavunja dirisha na kukimbia huku mwili wake ukiwa umeungua. Anasimulia pia kwamba miongoni mwa washambuliaji aliwatambua watu aliosoma nao.

Baadaye alikwenda Marekani, akasoma katika Chuo Kikuu cha Abilene Christian, Texas, na huko akarudia kukimbia. Mtu aliyeambiwa kwamba hatakimbia tena akawa bingwa wa vyuo. Leo anaishi Austin, ambako amefundisha watu wengi kukimbia, na taasisi aliyoshiriki kuianzisha imeleta maji safi katika vijiji vya Burundi, kwa Wahutu na Watutsi na Watwa bila kuuliza.

Watu wengi husimulia habari hii kama ushahidi kwamba riadha huokoa. Nami nakubali kwamba miguu yake ilimwokoa, na kwamba mbio zilimsaidia kupona. Lakini tusiishie hapo. Wale aliowatambua mle ndani nao walikuwa wanafunzi wa shule hiyohiyo. Walimwona akikimbia uwanjani, na yamkini walimshangilia alipoishindia shule yao. Kushangilia hakukuwazuia. Mtu anaweza kuipenda kasi ya mwenzake kwa miaka mitatu bila kuwahi kumuuliza nyumbani kwao walimpoteza nani mwaka 1972, na yeye akaulizwa hivyohivyo. Uwanja ulikuwepo, mazungumzo hayakuwepo.

Jambo hili linaonekana vizuri tukiilinganisha Kibimba na shule nyingine, seminari ndogo ya Buta huko Bururi. Mkuu wa seminari, Padre Zacharie Bukuru, aliwaongoza vijana wake katika miaka ileile ya vita, wakati shule nyingi zilikuwa zimegawanyika vipande viwili. Buta ilikuwa seminari, na seminari ina kengele na ratiba kama shule yoyote ya mapadre, au zaidi. Lakini katika kumbukumbu alizoandika baadaye, padre huyu anaeleza namna alivyowafungulia wanafunzi mlango wa kuzungumza waziwazi kuhusu ukabila, hofu zao na misiba ya familia zao, na namna walivyozoea kuishi pamoja hadi wakawa ndugu. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia bwenini, wakawaamuru Wahutu na Watutsi wajitenge. Vijana walikataa. Waliuawa arobaini.

Amri ya kujitenga ni amri kama nyingine. Ilitolewa kwa sauti kubwa na watu wenye bunduki. Kama nidhamu ni kutii tu, basi wale vijana walikosa nidhamu asubuhi ile. Hakuna anayeweza kusema hivyo bila aibu. Walikuwa na nidhamu ya aina ya pili, ile ambayo kila mmoja anajua nani yuko kushoto na nani yuko kulia, na anajua kwamba akisogea hatua moja huyo atakufa peke yake. Mwaka 2019 Kanisa Katoliki nchini lilifungua mchakato wa kuwatangaza wenye heri. Sisi wa vyuo, wa dini yoyote, tunaweza kuwasoma pia kama wanafunzi wenzetu.

Mtu anaweza kunipinga hapa na kusema kwamba nimetoka kwenye riadha na kuingia kwenye siasa na mauaji, na kwamba mbio ni mbio tu. Pingamizi hilo lina uzito, kwa hiyo nilijibu kwa mfano ulio wa mbio kabisa.

Katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996, Burundi ilishiriki kwa mara ya kwanza. Tarehe 25 Julai, michezo ikiwa inaendelea, mapinduzi yalifanyika Bujumbura. Siku chache baadaye, tarehe 3 Agosti, Vénuste Niyongabo, mzaliwa wa Vugizo, Makamba, alishinda mbio za mita 5,000 kwa muda wa dakika 13, sekunde 7 na nukta 96. Mkenya Paul Bitok alikuwa wa pili, nyuma yake kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya Burundi, na mpaka leo ndiyo dhahabu yetu pekee ya Olimpiki.

Wengi tunaijua sehemu hiyo. Sehemu ambayo haisimuliwi mara nyingi ni kwamba umaarufu wa Niyongabo ulikuwa katika mita 1,500. Mbio za mita 5,000 alikuwa amezikimbia mara chache tu kabla ya Michezo ya Atlanta. Aliiacha nafasi yake ya mita 1,500 ili ikimbiwe na Dieudonné Kwizera, mkimbiaji aliyemtangulia kwa umri, ambaye mwaka 1988 na 1992 hakuweza kwenda kwenye Olimpiki kwa sababu nchi yake haikuwa na kamati ya Olimpiki inayotambuliwa. Kwizera hakupata medali. Alipata kukimbia.

Nidhamu ya mwili ya Niyongabo haina shaka, kwa maana hakuna anayefika pale bila miaka ya kuamka alfajiri. Lakini nchi nyingi zina wakimbiaji wenye nidhamu ya mwili. Kilichomtofautisha ni kwamba, katika msimu ambao kila mtu angemsamehe kwa kujifikiria mwenyewe, alitazama pembeni akamwona mtu. Riadha iliyofika kilele chake ilionekana katika kitendo cha kumwachia mwenzake njia.

Mfano wa mwisho unaturudisha mitaani kwetu. Kukimbia kwa makundi siku ya Jumamosi ni desturi ya Bujumbura iliyokomaa katika miaka ya vita, watu walipotafuta namna ya kupumua na kuondoa hofu. Wafanyakazi, wanafunzi na majirani hupanda na kushuka vilima wakiimba. Tarehe 8 Machi 2014, wafuasi wa chama cha upinzani cha MSD, waliosema wametoka kukimbia, walipambana na polisi. Kesi iliendeshwa kwa haraka na 21 kati yao wakahukumiwa kifungo cha maisha. Mwezi huohuo serikali ilipiga marufuku mbio za makundi mitaani mjini Bujumbura, isipokuwa katika maeneo machache yaliyotajwa.

Serikali ilisema mbio zilitumika kuficha harakati za kisiasa. Katika nchi ambayo vita vya mijini vilianza na makundi ya vijana wa mitaa, hofu hiyo haikutoka hewani. Hata hivyo mimi huona katika uamuzi huo jambo jingine. Rais aliyekuwa madarakani alikuwa mwalimu wa michezo. Alijua kutokana na kazi yake kwamba watu ishirini wakivuta pumzi kwa mdundo mmoja kwa nusu saa hawabaki watu ishirini waliotawanyika. Kwa namna ya ajabu, katazo lile lilikuwa sifa kubwa kwa riadha, kwa sababu lilikiri kwamba kukimbia pamoja kuna nguvu. Swali ambalo halikuulizwa ni namna ya kuilea nguvu hiyo badala ya kuifungia uwanjani.

Mwaka uliofuata, kuanzia tarehe 26 Aprili 2015, Musaga ilikuwa moja ya mitaa iliyoongoza maandamano, na barabara tunayokimbilia leo iliwekwa vizuizi vya mawe na matairi. Tarehe 11 Desemba 2015 watu wenye silaha walishambulia kambi kadhaa za jeshi, ISCAM ikiwa mojawapo, na baada ya hapo vijana wa mitaa kama Nyakabiga na Musaga waliuawa. Wengi wa wanaokimbia nami leo walikuwa watoto wakati huo. Wanakumbuka sauti. Hatujawahi kuzungumza kuhusu sauti hizo tukiwa tunanyoosha misuli. Tunazungumza kuhusu viatu, mitihani na mpira wa Ulaya.

Hapo ndipo naona kazi ya riadha katika maisha ya chuo, na ndipo naona tulipopungukiwa. Wahadhiri wetu wako sahihi wanapotuhimiza tufanye mazoezi. Mwanafunzi anayekimbia hulala vizuri, huamka mapema, na huvumilia kitabu kigumu kama anavyovumilia mwinuko. Lakini ikiwa faida yote inaishia kwenye mwili wake na alama zake, basi ameandaliwa kuwa askari mzuri wa yeyote atakayemwita, kama vile shanga inavyomfuata anayeshika uzi. Michezo ya chuo ina nafasi ambayo darasa halina: inawaweka pembeni mwa kila mmoja watu ambao hawakuchaguana, ikawachosha pamoja, na uchovu huondoa majivuno. Baada ya kilomita kumi mtu husema mambo ambayo asingesema kwenye semina. Nafasi hiyo tukiijaza na filimbi na kelele za "songa mbele" tu, tumeitupa.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili, madogo na yasiyohitaji bajeti. La kwanza, katika mbio za mazoezi, anayekwenda polepole zaidi ndiye apange mwendo wa kundi. Walio na haraka wana siku za mashindano. La pili, baada ya mazoezi wanafunzi wakae nusu saa wakizungumza, na mazungumzo hayo yasiogope historia. Buta walizungumza wakati risasi zikilia nchini. Sisi tunaweza kuzungumza wakati huu zimenyamaza.

Kundi letu limeanza na hilo la kwanza. Yule mwenzetu wa mwaka wa kwanza alipopona, alirudi. Hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Siku hizi yeye ndiye hukaa mbele kabisa, kwa hiyo tunapanda taratibu, na wenye miguu mirefu wananung'unika kidogo. Tukifika pale kwa mama muuza nyanya, yeye hutuhesabu kwa kidole kabla hatujapita. Sasa tunamwamkia sote. Hatujakaa bado kuzungumza ile nusu saa. Jumamosi ijayo nimeomba tuanze, na nimeahidi kuwa wa kwanza kusema, nianze na ile asubuhi niliyosikia pumzi ya mwenzangu ikikatika nikaendelea kukimbia.